Sanduku lenye kufuli tatu: madeni ya kikundi kimoja cha akiba baada ya Nyiragongo kulipuka

Kwa nini nimechagua kisa hiki

Mji ukiungua, wanaokuja kutathmini hasara huhesabu nyumba, mabati, madarasa na mabomba ya maji. Fomu zao nimezijaza mara nyingi, na sijawahi kukutana na moja yenye safu ya madeni. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo wa Goma, deni ndiyo sehemu kubwa ya mtaji. Muuza unga huchukua mifuko miwili asubuhi kwa tajiri wake, mali kauli, akaiuza kwa kopo siku nzima, na jioni akarudisha fedha. Siku unga unapoungua, deni haliungui. Linabaki limesimama kati ya watu wawili, na jinsi wanavyoamiliana nalo katika wiki za kwanza ndiyo huamua nani atarudi sokoni na nani atabaki kupanga foleni ya msaada.

Kisa hiki ni cha kikundi cha akiba cha wanawake 26 kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kabla na baada ya mlipuko wa volkano wa Mei 2021. Nilikuwa mwezeshaji wao. Nimeondoa majina, kitongoji, tarehe za vikao na jina la kila shirika lililohusika. Fedha nimeziandika kwa dola ili zisomeke kwa urahisi, ingawa daftari lao liliandikwa kwa faranga. Wakati ule dola moja ilikaribia faranga 2,000. Tarakimu nimezikamilisha kidogo ili mtu asitambulike kwa mkopo wake.

Hali kabla ya mlipuko

Kitongoji chenyewe kiko kwenye njia ya kwenda Rutshuru, mahali ambapo ardhi ni mwamba mweusi wa milipuko ya zamani. Ua wa nyumba hujengwa kwa mawe hayohayo, yamepangwa bila saruji. Nyumba nyingi ni za mbao. Maji hupanda kwa bidoni za manjano juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayosukumwa na vijana. Mlima uko pale juu, na usiku anga lake lilikuwa jekundu kwa ziwa la lava lililokuwa likichemka ndani ya shimo. Watu walilizoea kama watu wa pwani wanavyouzoea mnara wa taa.

Kikundi kiliundwa 2018 kwa mtindo ambao Kongo huitwa AVEC, ndugu wa VICOBA za Tanzania. Kila Jumatano wanachama walinunua hisa, moja faranga 2,000, mwisho tano kwa wiki. Fedha ziliingia kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa wanawake watatu tofauti. Mweka hazina, anayelilaza sanduku nyumbani kwake, hana hata ufunguo mmoja. Mkopo ulifika hadi mara tatu ya akiba ya mtu, riba asilimia 5 kwa mwezi. Pembeni kulikuwa na mfuko wa kusaidiana kwa msiba na ugonjwa.

Mwaka uliotangulia ulikuwa umewachosha tayari. Machi 2020 mpaka na Rwanda ulifungwa kwa sababu ya korona. Petite Barrière, kivuko cha miguu kati ya Goma na Gisenyi ambacho makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakikipita kila siku, kilinyamaza. Baadaye bidhaa ziliruhusiwa kupita kwa kukusanywa pamoja, kundi moja kwa mzigo mmoja, na muuza nyanya aliyezoea kuchagua beseni lake mwenyewe upande wa pili sasa alipokea alichopewa. Wanachama wanane waliishi kwa kivuko hicho. Oktoba 2020, mzunguko mpya ulipoanza, wengi walikuja na hisa moja au mbili.

Hata hivyo kufikia Mei 2021 walikuwa wamekusanya akiba na riba ya kama dola 2,140. Kati ya hizo, dola 1,530 zilikuwa mikononi mwa wakopaji 14, na dola 610 zilikuwa ndani ya sanduku. Mfuko wa kusaidiana ulikuwa na 95.

Usiku wa Mei 22

Ilikuwa Jumamosi, giza linaingia. Anga likawa jekundu kuliko kawaida, halafu mtu akapita akipiga kelele kwamba moto unashuka. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutembea kwa kasi, na waliokuwa hai 2002 walilijua hilo. Tarehe 17 Januari mwaka ule ilipita katikati ya jiji hadi ikaingia Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuwaacha watu kama 120,000 bila makazi. Kwa hiyo mwaka 2021 hakuna aliyesubiri tangazo.

Mweka hazina alikuwa na watoto wanne nyumbani na mfuko wa unga aliouchukua asubuhi ileile. Aliniambia kwamba alisimama mlangoni akihesabu mikono: mmoja mgongoni, mmoja mkono wa kulia, wakubwa wawili wakishikana. Kichwa kilibaki kitupu. Akaingia ndani akatoka na sanduku badala ya unga. «Unga ni wangu na tajiri. Sanduku ni la watu», ndivyo alivyoeleza baadaye, bila kuona kwamba amefanya jambo kubwa. Alitembea nalo usiku kucha hadi upande wa ziwa, amelifunga kwa kitenge lionekane mzigo wa nguo.

Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege bila kuingia katikati ya jiji. Lakini upande wa kaskazini, Buhene na vijiji jirani, nyumba zaidi ya 3,000 ziliteketea. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, baadhi yao kwa kujaribu kuvuka lava ambayo juu ilionekana imepoa. Barabara ya Rutshuru, inayoleta maharage, mahindi na makaa mjini, ilikatwa kwa siku kadhaa. Tangi kubwa la maji la Buhene liliharibika na sehemu kubwa ya jiji ikakauka.

Ardhi iliendelea kutikisika. Alfajiri ya Mei 27 gavana wa kijeshi wa mkoa aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya jiji ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka tena: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi, wengine kwa boti hadi Bukavu. Hapo ndipo wenye funguo walipotawanyika. Wa kwanza alikuwa Gisenyi, wa pili Sake, wa tatu Bukavu. Sanduku lilikuwa Goma, chini ya kitanda cha shangazi wa mweka hazina.

Wiki tatu bila ufunguo

Simu zilianza kuita. Mwanachama mmoja alikuwa na mtoto hospitalini. Wengine walikuwa wakilala kwenye veranda ya kanisa. Wote walijua mna dola 705 ndani ya bati lile, na hakuna aliyeweza kulifungua bila nyundo.

Mweka hazina aliniuliza kama avunje. Nilimjibu kwamba kanuni zao hazisemi lolote, na kwamba mwenyekiti ndiye wa kuamua. Lilikuwa jibu la mtu anayejikinga. Kanuni zile niliwasaidia kuziandika mimi, na sikuwaza kamwe siku ambayo wenye funguo watatu watakuwa katika miji mitatu.

Mwenyekiti aliamua wasubiri. Sababu yake: sanduku likivunjwa mbele ya watu wawili, wale 24 hawataamini tena hesabu yoyote itakayotoka humo, hata ikiwa kamili. Mtoto aliyelazwa alichangiwa na wanachama waliokuwa na chochote kwenye simu zao. Mwanzoni mwa Juni serikali ilitangaza kurudi kwa awamu. Wenye funguo wawili walirudi wenyewe, na wa Bukavu aliupeleka ufunguo wake kwa mfanyakazi wa boti, ndani ya bahasha iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Bahasha ilifika ikiwa haijaguswa, ikafunguliwa mbele ya kikao.

Kikao chini ya turubai

Walikutana wiki ya tatu ya Juni, 20 kati ya 26, pembezoni mwa lava. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na mwamba ulikuwa bado unatoa mvuke. Fedha zilihesabiwa mara mbili kwa sauti: 610 na 95. Wanachama 17 walikuwa wamepoteza nyumba. Kati ya wakopaji 14, tisa walikuwa wamepoteza bidhaa zote, na madeni ya hao tisa peke yao yalikuwa dola 1,080.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kugawana kilichomo na kuvunja kikundi. Kwa wastani kila mmoja angepata dola 23. Wengi walilipenda, na siwalaumu. Mtu aliyelala chini wiki tatu ana haki ya kutaka chake. Pendekezo la pili, la wanachama wasiokuwa na mkopo, lilikuwa kali: wakopaji walipe kwanza, moto au bila moto, kwa sababu akiba iliyoungua haikuwa yao wenyewe. Nalo lilikuwa na haki yake.

Kisha akazungumza mwanachama mzee kuliko wote, muuza unga aliyeungua pia 2002. Alikuwa na duka dogo karibu na Birere wakati ule, akapoteza kila kitu, na siku kumi baadaye akakutana njiani na tajiri anayemdai. Alitaka kujificha. «Hakuniuliza deni», alisema. «Aliniuliza: mama, unataka mifuko ngapi? Nikachukua tatu. Deni ya zamani nilimaliza kulipa mwaka uliofuata. Angenidai siku ile, ningekimbilia kijijini na angekosa yote.»

Kikao kilikuwa na kelele kabla ya hapo. Baada ya hapo kilikuwa na hesabu. Walikaa saa tatu, na mwisho walikubaliana kuwagawa wakopaji katika mafungu.

Watano ambao bidhaa zao zilipona, wenye deni la jumla ya dola 450, walipewa mwezi mmoja wa kupumua, kisha waendelee kulipa kama kawaida. Wanachama saba waliopoteza bidhaa lakini wana nguvu na mahali pa kuuzia, wenye deni la dola 830, waliambiwa hivi: deni lenu linabaki, riba imesimama tangu Mei 22, na kabla ya kudai cha zamani tutawapa kipya. Kila mmoja alipewa dola 30, walizoziita mkopo wa kusimama tena, za kurejesha kwa wiki sita kwa nyongeza ya asilimia 5 mara moja tu. Deni la zamani lingeanza kulipwa baada ya hilo dogo kumalizika, kwa kiasi ambacho mtu mwenyewe atataja kila Jumatano mbele ya wenzake, kulingana na mauzo ya wiki. Wawili waliobaki, mmoja aliyefiwa na mwingine aliyekuwa na majeruhi wa kuuguza, madeni yao ya dola 250 yalikatwa kwenye akiba zao wenyewe ili wawe huru.

Mkopo wa kusimama tena ulitolewa pia kwa wengine saba wasiokuwa na deni. Jumla mikopo 14, dola 420. Mfuko wa kusaidiana uligawanywa sawa kwa wale 17 wasio na nyumba. Zilizobaki zikarudi kwenye sanduku.

Sharti moja lilizua ubishi mrefu kuliko yote: bidhaa ya kununua. Waliamua kwamba fedha za kwanza zinunue tu kitu kinachogeuka kuwa fedha ndani ya siku mbili. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mboga, unga kwa kopo, makaa ya kupima kwa ndoo. Mwanachama aliyekuwa akiuza vitenge alilia. Kitenge kinaweza kukaa miezi miwili kwenye kamba, na hakuna aliyekuwa akinunua kitenge mwezi ule. Alikwenda kuuza makaa, na kwa wiki ya kwanza alivaa glavu.

Msaada ulipofika

Shirika moja liliandikisha familia zilizokuwa kwenye makazi ya pamoja na kuwatumia fedha kwa simu. Wanachama tisa walipata. Wengine waliopoteza nyumba vilevile hawakupata, kwa sababu walikuwa wamepokelewa na ndugu, na orodha haikufika kwenye sebule za watu. Kulikuwa na shinikizo kwamba waliopata waweke sehemu kwenye sanduku au walipe madeni yao mara moja. Mwenyekiti alikataa. Fedha ya msaada ni ya chakula na turubai, alisema, na mwanachama anayelazimishwa kuileta kikundini atajifunza kuificha. Wanne waliitumia kununua hisa kwa hiari yao.

Agosti ulikuja mradi mwingine, wa kufufua biashara, na nia ya waliouleta ilikuwa njema. Wanawake wapatao 40 wa kitongoji walipewa kila mmoja furushi la bidhaa: sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia, viberiti. Furushi lilikuwa lilelile kwa wote. Jumatatu iliyofuata meza 40 zilikuwa zimepangwa kwenye njia moja, zote zikiuza sabuni ileile kwa wateja walewale ambao nao walikuwa wamepewa sabuni. Bei ilianguka chini ya bei ya jumla mjini. Muuza duka wa pale, ambaye hakuungua na hakuwa kwenye orodha yoyote, alifunga kwa wiki mbili. Duka hilo ndilo lililokuwa likiwakopesha chumvi na mafuta wanachama wengi siku za ukata.

Tena mradi ulitaka wanufaika wawe kwenye vikundi vipya vilivyoandikishwa na mradi wenyewe. Wanachama watano wa kikundi chetu wakaanza kukaa vikao viwili kwa wiki. Mradi ulipoisha, kikundi kipya kilikufa, na mwezi mzima ulikuwa umepotea.

Mbao juu ya lava

Kufikia mwisho wa Agosti, mikopo 13 kati ya 14 ya kusimama tena ilikuwa imerejeshwa. Imani ilirudi, pengine kupita kiasi. Septemba wanachama wanne waliomba mikopo mikubwa, dola 120 kila mmoja, ya kununua mbao na mabati. Walikuwa wamechoka na turubai, na kila mtu kikaoni alijua uchovu huo. Mikopo ilipita bila kupingwa. Mimi pia nilinyamaza.

Nyumba ya mbao haiuzi kitu Jumatano. Huo ulikuwa udhaifu wa kwanza, na wawili waliokuwa na biashara imara waliuvuka kwa kulipa polepole. Udhaifu wa pili ulikuwa ardhi. Lava ilipopita ilifunika kila alama: mawe ya mpaka, miti, ua, hata barabara. Mtu aliyesimama pale aliona bahari nyeusi iliyoganda, na chini yake, mita kadhaa, ndipo kiwanja chake kilipo. Karatasi nyingi zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba, na nyingine hazikuwahi kuwepo, kwa kuwa ardhi ilinunuliwa kwa mashahidi na saini ya mkuu wa kienyeji. Mmoja wa wakopaji alijenga juu ya mwamba mpya mahali alipoamini ni kwake. Jirani naye aliamini ni kwake. Kesi ilikwenda kwa mkuu, ikarudi, ikaenda tena, na wakati ikiendelea mbao zilizuiwa kuguswa. Mwingine alijenga kwenye kiwanja cha shemeji yake, na mwaka mpya shemeji akakihitaji. Kati ya mikopo hiyo miwili, dola 205 hazikurudi.

Hesabu za mwisho

Mgawanyo uliokuwa ufanyike Oktoba 2021 ulisogezwa hadi Julai 2022. Fungu la wakopaji watano lililipa dola 450 zote. Wale saba walilipa 610 kati ya 830. Madeni yaliyokatwa kwenye akiba yaliacha pengo la dola 70. Hasara yote, pamoja na ya nyumba, ilifika dola 495. Kila hisa ya faranga 2,000 ilirudi na faranga 1,850 hivi.

Kwa kikundi ambacho katika miaka yake yote kilikuwa kimegawana faida, hilo lilikuwa pigo, na lilitangazwa kwa sauti ileile iliyotumika kuhesabu fedha siku ya turubai. Wanachama 23 walikuwa bado wapo. Kati ya wale saba waliopoteza bidhaa zote na kupewa juu ya deni, sita walikuwa na meza sokoni.

Uchambuzi

Ninaloliona la maana kuliko yote ni mpangilio wa malipo: kipya kwanza, cha zamani baadaye, na cha zamani kwa kipimo cha mauzo. Deni lililosamehewa lote lingekula akiba ya wanawake ambao hawakukopa, na kikundi kingekufa kwa kinyongo. Deni lililodaiwa lote lingewafukuza wakopaji. Njia waliyoipata ilimwacha mdaiwa akiwa na sababu ya kurudi Jumatano ijayo.

Nimewahi kulinganisha jambo hili na mambo makubwa zaidi, na sioni kwamba ulinganisho unatia chumvi. Mwaka 1953, mjini London, wadai wa Ujerumani Magharibi walikubali kupunguza deni lake kwa takriban nusu, na malipo yakapangwa kwa kutazama nchi inapata nini kwa kuuza nje. Waliokubali hivyo walikuwa na maslahi: nchi isiyouza hailipi. Kongo yenyewe ilisubiri hadi Julai 2010, miaka saba baada ya vita vya pili vya Kongo kutangazwa kuwa vimekwisha, ndipo ikapata msamaha wa deni unaokadiriwa dola bilioni 12.3, sehemu kubwa yake ikiwa ni mikopo ya enzi za Mobutu iliyokuwa imelimbikiza riba. Kwa miaka yote hiyo, nchi iliyotoka vitani ilikuwa na sura ya mdaiwa sugu mbele ya kila aliyetaka kuikopesha. Wanawake wa chini ya turubai walimaliza shauri la namna hiyo kwa saa tatu, kwa sababu wadai na wadaiwa walikuwa wameketi kwenye mkeka mmoja na wote walikuwa wameliona lile moto likishuka.

Sharti la bidhaa ya siku mbili lilifanya kazi kwa sababu ya hali ya soko lenyewe. Juni 2021 watu walikuwa na mahitaji ya kila siku na fedha kidogo kidogo mfukoni. Aliyeuza kwa kopo alikutana nao. Kupanga ulipaji kwa wiki kulifuata mdundo huohuo. Ubaya wake ni kwamba liliwasukuma wote kwenye bidhaa chache, na wiki ya nne wauza makaa walikuwa wengi mno. Kikundi kingeweza kupanga idadi kwa kila bidhaa, na hakikupanga. Furushi la sabuni lilirudia kosa hilo kwa ukubwa zaidi. Aliyeliandaa alihesabu wanawake waliopoteza bidhaa. Wateja hakuwahesabu, wala muuza duka.

Uamuzi wa kutovunja sanduku bado unanisumbua. Matokeo yalimthibitisha mwenyekiti: fedha zilipohesabiwa mbele ya funguo zote tatu, hakuna aliyenong'ona. Lakini kama mtoto yule wa hospitalini angekosa dawa, nisingeandika aya hii kwa namna hii. Kanuni ilipaswa kuwepo. Sasa ipo, imebandikwa ndani ya jalada la daftari: kila mwenye ufunguo ana mrithi aliyetajwa, na mashahidi wanane wakikubaliana wanaweza kukata kufuli na kuandika hesabu papo hapo.

Kosa zito zaidi liliwahusu wasiokuwepo. Siku ile ya Juni, wanachama sita hawakuwa kikaoni, na akiba zao zilikopeshwa upya kama za wengine wote bila hata mmoja wao kupigiwa simu. Namba zilikuwepo kwenye daftari. Watatu waliporudi walikuta mambo yameamuliwa. Wawili waliobaki Gisenyi walisikia kwa watu, na mmoja wao alituma ujumbe wa sauti nilioombwa niusikilize: aliuliza kama kuungua nyumba kunamfutia mtu haki ya kuulizwa. Akiba yake, na ya mwenzake, zilitumwa kwa simu Novemba 2021, miezi mitano baada ya kuombwa, na hakurudi kikundini ingawa alirudi Goma. Kikundi kilikuwa na haraka ya haki, na haraka hiyo iliwapita watu sita. Nilikuwepo na sikuona.

Na kuhusu mikopo ya mbao, sidhani kosa lilikuwa kutaka nyumba. Makazi yalikuwa kazi ya fedha ya namna nyingine, ndefu na isiyodai kila wiki, na haikuwepo popote kwa watu wale. Suala la mipaka ya viwanja lilikuwa la mamlaka. Kikundi kilibeba mzigo wa wote wawili kwa sanduku la dola mia chache.

Baadaye

Mwishoni mwa 2022 vita vya kundi la waasi la M23 vilisukuma maelfu ya watu waliokimbia Rutshuru hadi Kanyarucinya, wakajenga vibanda vya turubai juu ya lava ya 2021, na baadhi ya wanachama wakawa wenyeji wa wageni wasio na kitu kama walivyokuwa wao mwaka mmoja kabla. Wauza unga wawili waliwakopesha wageni hao kwa kopo. Januari 2025 M23 iliiteka Goma yenyewe na benki zikafunga milango. Walioweka fedha benki walikaa miezi bila kuzigusa. Kikundi kilikuwa kimeacha kulaza fedha nyingi sandukuni tangu 2021. Sehemu kubwa ilikuwa nje, kwenye unga, makaa na sambaza, kwa majina ya watu walioketi pamoja kila Jumatano.

Mwanachama wa sita hajapatikana. Mara ya mwisho alionekana usiku wa Mei 22 akielekea juu badala ya chini, kumfuata mama yake. Alikuwa na hisa 71 na hana deni. Kila mgawanyo mweka hazina huzihesabu kwa sauti pamoja na za wengine, anaandika kiasi, na fedha zinafungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye jina lake na kurudi chini ya sanduku.